Vidonge Vyeupe na vya Kahawia

Julai ya Tukuyu haina mzaha. Ukungu unashuka alfajiri na mpaka saa nne bado haujaondoka, na watu sokoni wanavaa koti juu ya sweta, na kitenge juu ya koti. Katika baridi hiyo mimi nilivua sweta. Nikavua na kilemba. Nikachana kipande cha boksi la sabuni nikaanza kujipepea, jasho likinitiririka mgongoni mpaka kiunoni, na wanawake waliokuwa wakiuza ndizi na viazi ng'ambo ya njia wakaacha maongezi yao wakanikodolea macho.

"Mama, unaumwa?" aliniuliza mteja aliyekuwa ameshika kitenge changu.

"Unanunua au hununui?" nikamjibu.

Hakununua. Nilimtazama akienda, nikashangaa ni nani huyu aliyesema kwa kinywa changu, maana mimi kwa wateja ni asali.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Sisi tuliowahi kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni, sasa tulikuwa tukivuka mpaka kwenda Malawi kufuata vitenge bila kujificha, tukirudi tunavitandaza mezani mchana kweupe, na anayetaka kuuliza aulize. Ruksa! Nilikuwa na meza yangu sokoni, nyumba ya bati kule Lufingo, mume mwenye shamba la chai ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, na watoto waliokwisha kukua. Nilidhani sasa ndiyo zamu yangu ya kupumua.

Kumbe mwili ulikuwa na mipango yake. Damu ya mwezi ilikuwa imenikatika tangu mwaka uliotangulia, na nilishukuru, nikafunga vitambaa vyangu nikavisukuma uvunguni. Hakuna aliyeniambia kwamba baada ya hapo kuna moto. Mama yangu mzazi alipitia humo humo, akafa bila kunidokeza hata neno moja. Kwetu jambo hilo halisemwi. Mwanamke anaanza tu kuchukia kila mtu, na watu wanasema amezeeka.

Mimi nikasema ni malaria. Nikameza klorokwini mpaka nikawashwa ngozi nzima, homa haikuonekana na jasho halikukoma. Nililala vipande vipande. Nilisahau bei ya bidhaa zangu mwenyewe. Siku moja nilikaa nyuma ya meza nikalia, kilio cha kweli cha makamasi, kwa sababu mtu aliniambia kitenge cha kijani ni kizuri. Hapo nikaogopa. Nilifikiri ndiyo naingia wazimu.

Mfanyabiashara mwenzangu wa Mbeya, tuliyekuwa tukisafiri naye kwenda Malawi, ndiye aliyenishika mkono. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tena, akasema kuna moja mjini Mbeya, yenye daktari kijana aliyesoma nje, naye anatibu mambo ya wanawake. Nikaenda.

Daktari alikuwa kijana kweli, ndevu bado zinajiuliza kama zitoke. Tulianza vizuri kwa Kiswahili. Akaniuliza natokea wapi, nikasema Lufingo, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Akasimama, akainama kidogo, akaniamkia upya kwa Kinyakyusa: "Ugonile, juba." Juba maana yake mama. Kuanzia hapo sikuwa tena mgonjwa wake. Nilikuwa mama yake, na mtoto wa Kinyakyusa aliyelelewa hana kinywa cha kumwuliza mama yake habari za chini ya kitovu.

Maskini, alijitahidi. Aliuliza kama maziwa yana uvimbe, akiwa anaangalia dirisha. Aliuliza kuhusu "ile shughuli ya kila mwezi" akiuangalia ukuta. Akanipima presha, na hapo tu ndipo alipoonekana ana raha, maana mkono hauna aibu. Kisha akasema mwili wangu umeacha kutengeneza homoni fulani, na kwamba viko vidonge vya kuirudisha. Akatoa pakiti bapa, vidonge vimepangwa kwa mistari: vyeupe vingi, halafu vya kahawia.

"Fuata mshale, mama. Ukimaliza vyeupe unaingia kwenye vya kahawia. Vitaleta mabadiliko kidogo."

"Mabadiliko gani?"

"Ya kawaida tu, mama," akaiambia meza.

Vidonge vile vilikuwa na baraka. Sijui niseme nini kingine. Baada ya wiki chache nililala usingizi mzito mpaka jogoo akanikuta kitandani. Sweta likarudi mwilini. Nikaanza tena kutaniana na wateja, nikamwambia mume wangu maneno ambayo mzee wa kanisa hakutegemea kuyasikia katika umri ule, akacheka mpaka akakohoa. Nilijiona nimefufuka.

Halafu nikaingia kwenye vya kahawia, nikavimaliza. Asubuhi moja nilikuwa jikoni namenya ndizi. Nikahisi unyevu. Nikajua kabla sijatazama, kwa sababu mwanamke huwa anajua, lakini nilikataa kuamini. Nilitazama, nikaangusha kisu. Damu. Damu ya mwezi, mimi, niliyekwisha kufunga vitambaa! Nilikaa chini kwenye sakafu ya jiko, maganda ya ndizi yamenizunguka. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba nakufa. Wazo la pili lilikuwa baya zaidi: kwamba naweza kuzaa.

Kesho yake nilikuwa Mbeya. Nikamwambia yule kijana, wazi, bila kuzunguka: "Ninatoka damu."

Akainamisha kichwa mpaka nikaona utosi wake. "Ndiyo, mama. Inatakiwa."

"Inatakiwa na nani?"

Akageuza kalamu, akaigeuza tena. Akasema ni vile vya kahawia vinavyoileta, si mimba wala si ugonjwa, na kwamba nitumie vyote, nisiache. Kwa nini nisiache? Hakusema. Nami, kwa kuwa nilimwona anateseka, nikamhurumia nikaondoka. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi sikutaka kuzaa, lakini majibu niliyataka, na kijana wa watu alikuwa amenifichia.

Sasa nieleze kwa nini damu kidogo ya vidonge iligeuka kuwa kesi ya ukoo.

Mwanangu wa kwanza alikuwa ameoa. Alijenga nyumba yake ndogo upande wa pili wa uwanja wetu, na mke wake alikuwa mjamzito. Kwetu, mke wa mwana akishaingia, mama mkwe anafunga mlango wake wa uzazi. Hazai tena. Wanawake wawili, mama na mkwe, hawaendi mwezini katika uwanja mmoja kama wanaoshindana, na mwanamke ambaye bado anaona damu hampokei mjukuu wa kwanza. Wanasema akimpakata anamruka, anamchukulia nguvu zake, mtoto anaharisha na kukonda. Kumpokea mjukuu ni kazi ya mwanamke aliyekauka. Yeye ndiye anayewekewa mtoto mapajani siku anapoingizwa nyumbani, anamwosha, anampaka mafuta, anamsemesha jina la babu yake, na wengine wote wanasubiri zamu yao.

Mtaniuliza kama niliamini. Mimi niliyevuka mipaka, niliyekaa na watu wa kila aina? Mchana sikuamini. Lakini nilikuwa namtaka yule mtoto. Wanangu wote walipokewa na mama mkwe wangu, mama yao nikiwa nimelala ukutani nasubiri kuruhusiwa, na nilijiambia miaka yote hiyo kwamba iko siku nami nitapokea. Ile ilikuwa siku yangu, na hakuna kitenge wala duka ambalo ningebadilishana nayo.

Aliyenishika ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mjane aliyekuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alipita nyuma ya jiko langu akaona vitambaa vimeanikwa. Hakuuliza faragha. Alikuja mbele ya uwanja, mkwe wangu akiwa pale anapeta maharage.

"Gwe," akaniambia, yaani wewe. "Bado unakwenda mwezini?"

"Ni dawa, wifi."

"Dawa ya kurudisha usichana? Na mkwe wako ana tumbo?" Akapiga makofi. "E Kyala, Mungu wangu! Ruksa imefika mpaka kwenye vizazi. Basi mtoto nitampokea mimi."

Mkwe wangu aliinamia ungo wake. Alikuwa binti wa kijiji cha Masoko, mwenye adabu kupita kiasi. Tangu aolewe hajawahi kuinua sauti mbele yangu, na mume wangu hajawahi kuuona uso wake, kwa sababu kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Akisikika huyu anakuja, yule anageukia migomba. Wifi aliondoka akichekea tumboni, na mimi nikabaki nimesimama kama niliyepigwa kofi kanisani.

Nikawaza. Nikiacha vidonge, moto unarudi, na ule wazimu. Nikiendelea, nampoteza mtoto. Halafu nikaona njia ya ujanja, na nilijipongeza kwa akili. Si daktari alisema mwenyewe kwamba vya kahawia ndivyo vinavyoleta damu? Basi nitameza vyeupe, vya kahawia navitupa. Mfanyabiashara hanunui mzigo asioutaka.

Nikafanya hivyo. Nilipomaliza vyeupe nilifungua pakiti nyingine, nikaanza vyeupe tena, na vile vya kahawia nikavitumbukiza chooni. Damu haikuja. Mwezi ukapita, mwingine ukapita, nikalala vizuri, sikuona jasho wala kitambaa. Nikamwendea wifi nikamwambia nimekauka. Hakuniamini. Akawa anapita nyuma ya jiko langu kila siku, analinda kamba yangu ya nguo kama askari wa mpakani. Hakukuta kitu. Mwishowe akakubali, kwa uchungu, kwamba mtoto ni wangu kumpokea.

Mkwe wangu alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kiume. Siku ya kumleta nyumbani mvua ilikuwa imekatika, majani ya migomba yanang'aa, na wanawake wa jirani na wa kutoka Masoko walijaa nyumba ya mwanangu. Niliketi kwenye mkeka katikati ya chumba. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, cheupe chenye maua ya buluu, nilichokitenga tangu safari ya mwisho ya Malawi kwa ajili ya siku hiyo. Wakanyoosha miguu yangu. Mkwe wangu akalazwa ukutani. Wifi ndiye aliyembeba mtoto kutoka mlangoni, amefungwa kama kifurushi cha chai, pua tu inaonekana, na wanawake wakaanza kuimba. Nilinyoosha mikono.

Ikaja. Si unyevu kama wa kule jikoni. Ilikuja kama maji ya ndoo iliyopinduka, ya moto, yenye mabonge, ikapita kwenye kitenge, ikapita kwenye mkeka. Nilihisi ikienda na sikuwa na uwezo wa kuizuia, mikono yangu bado imenyooshwa hewani. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Maua ya buluu yakawa mekundu mbele ya macho ya wanawake wote wa pande mbili za ukoo. Wifi akamvuta mtoto kifuani kwake akarudi nyuma, na sura yake haikuwa ya ushindi. Hata yeye alikuwa ameshtuka. Nakumbuka kilichoniuma si damu. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuhisi joto la blanketi la mtoto kwenye ncha za vidole.

Walininyanyua wakanitoa nje. Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba, mahali pa baba mkwe, amesikia kelele tu bila kuona. Alipoona kitenge changu akashika mgomba.

"Ulikuwa na mimba?" akaninong'oneza.

"Mimba ya nani?" nikamfokea, nikiwa navuja vile vile. "Wewe umelala wapi miezi yote hii?"

Aliniweka kwenye gari la jirani lililokuwa likipeleka chai, akanipeleka Mbeya mwenyewe. Njia nzima alinishika mkono na hakuuliza tena, na mimi sikueleza.

Daktari kijana aliponiona safari hii hakutazama dirisha. Alinilaza, akanitundikia maji, akauliza: "Vya kahawia ulikunywa?"

"Nilivitupa."

Alikaa kwenye kiti taratibu sana. Halafu akaniambia yote, na ajabu ni kwamba aliyasema kwa Kinyakyusa, lugha ile ile iliyomfunga mdomo. Kwamba vyeupe vinapunguza moto lakini pia vinajenga utando ndani ya kizazi, kila siku kidogo kidogo, na vya kahawia kazi yake ni kuuangusha utando huo. Kwamba bila vya kahawia unazidi kuwa mnene mpaka unabomoka wenyewe, kama ulivyobomoka, na ukiachwa muda mrefu unaweza kugeuka saratani. Ile damu niliyoikimbia ndiyo ilikuwa usalama wangu.

Nilimsikiliza mdomo wazi. Kisha hasira ikaniwaka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilishindwa, juba. Wewe ni kama mama yangu."

"Na mama yako mwenyewe? Ungemwacha afe kwa sababu unamheshimu?"

Sindano ya maji ilikuwa mkononi mwangu, na yeye alikuwa akiitazama hiyo.

"Mama yangu alikufa kwa damu," akasema. "Ya kizazi. Alikuwa anaficha vitambaa. Sisi watoto tulikuwa tunaona, tukawa tunageuka tusimwaibishe. Shangazi zangu walikuja kujua siku ya kumwosha."

Nilikuwa nimekuja na matusi yangu yote, yakaniganda. Kijana huyu alisomea jambo hili hili, ng'ambo huko, kwa sababu hiyo hiyo, na siku nilipoketi mbele yake akageukia ukuta kama walivyogeuka nyumbani kwao. Nilimshika bega. Nikalia, naye akalia, na mume wangu aliyekuwa mlangoni akatoka nje kwa heshima, akatuacha.

Walinisafisha kizazi, wakapeleka kipande kupimwa. Majibu yalipokuja baadaye yalikuwa mema, na baadaye zaidi nikarudia vidonge, vyeupe na vya kahawia, vyote kwa mpangilio wake, nikianika vitambaa vyangu mbele ya nyumba. Lakini siku niliyorudi Lufingo sikujua hayo. Nilirudi bila vidonge, damu kidogo bado inanitoka, moto umenirudia kifuani, na kila mtu njiani alikuwa amekwisha kusikia.

Nilienda moja kwa moja jikoni kwangu. Ng'ambo ya uwanja, kwenye mlango wa nyumba ya mwanangu, wifi alikuwa ameketi na mtoto mapajani, anampaka mafuta. Alinisalimia kwa sauti ndogo. Niliitikia, nikachukua kisu nikaanza kumenya ndizi, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Mume wangu alikuwa kwenye mibuni michache iliyo kati ya migomba, anakata matawi ambayo hayakuhitaji kukatwa.

Mkwe wangu akatoka ndani. Alikuwa bado anatembea polepole, kama watembeavyo wazazi wapya. Akainama, akamchukua mtoto kutoka kwa wifi. Nilidhani anakwenda kumnyonyesha. Badala ya kurudi ndani akaanza kuvuka uwanja, mchana kweupe, mbele ya baba mkwe wake. Mume wangu alisikia hatua, akageuka upesi akauficha uso kwenye mgomba, mundu mkononi. Binti hakusimama. Akafika mlangoni mwa jiko langu, akapiga magoti.

"Mama, naomba umpokee mjukuu wako."

"Rudi ndani, mwanangu," nikamwambia. "Mimi bado natoka damu."

Akaniangalia usoni. Ilikuwa mara ya kwanza. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, sauti ya kumfikia wifi mlangoni na mume wangu kwenye mgomba:

"Hata mimi natoka damu, mama. Tangu nimzae haijakatika. Na mimi ndiye ninayemnyonyesha."

Wifi alikuwa na mafuta bado viganjani, ameyashika hivyo hivyo. Niliweka kisu chini, nikafuta mikono kwenye kitenge, nikampokea.